Nesi na Mteremko wa Mawe Meupe

Nesi aliwakataza wajawazito wote wa upande ule wa Samuye kula udongo, halafu yeye mwenyewe akawa anaula. Hilo ndilo jambo la kwanza wanalonikumbusha watu wakijua nimeolewa na mwanawe. "We si mkwe wa Nesi? Yule aliyekuwa anatunyang'anya udongo pale zahanati, kumbe mwenyewe anakwenda kuulamba shambani!" Nacheka tu, maana ni kweli na sina pa kumtetea. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anainama, anachovya kidole, anaweka ulimini, anafumba macho, kisha anatema. Akitema haraka na kwa nguvu, udongo una chumvi. Akichelewa kutema, hapo patapandwa mzabibu.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anawanyima wenzake kitu anachokula mwenyewe. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Ukienda sokoni ukaonja karanga, Mama Minza, utasema umeshakula chakula cha mchana?" Nikanyamaza. Kwa Nesi ulikuwa unajifunza kunyamaza mapema.

Jina lake analo, na pale kaburini limeandikwa vizuri kwa rangi nyeupe, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mkunga wa zahanati, akastaafu, na bado akabaki Nesi. Mbuzi wake walikuwa mbuzi wa Nesi, na njia ya kwenda kwake ilikuwa njia ya kwa Nesi. Mimi nilipoletwa pale kama bibi harusi nilipiga magoti, nikasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mama mkwe." Akaitikia, "Marahaba. Lakini hicho cha mama mkwe ni cheo cha ugomvi, wape wengine. Niite Nesi, tutaelewana." Tukaelewana, isipokuwa siku ambazo hatukuelewana, nazo hazikuwa chache.

Mimi ni mtu wa Buseresere. Kwetu udongo ni mwekundu na mvua haina maringo. Nesi alikuwa ananitania kwa hilo mbele ya wageni. "Hawa kwao mtu akitema mbegu ya papai, mwakani anakula papai. Atajua nini huyu kuhusu udongo?" Basi akajipa kazi ya kunifundisha. Alinifundisha kwa miguu. Alinivua viatu alfajiri ya mwezi wa sita, ile baridi ya kiangazi, akanipandisha mteremko kutoka mbugani kwenda juu kwenye mawe, na kila tulipofika mahali anauliza, "Hapa vipi?"

"Baridi."

"Hapa?"

"Baridi, Nesi, miguu inakufa!"

"Haijafa. Hapa je?"

Na kweli, jamani, palikuwa na mahali ambapo baridi iliishia. Hatua iliyotangulia nyayo zinauma, hatua inayofuata zinapumua. Nesi alisema baridi ni nzito, inashuka usiku kama maji na kulala mbugani, ndiyo maana chini ya pale hapandi mzabibu hata kwa kulipwa. Alikuwa ameweka jiwe kila mahali baridi ilipoishia, na ukisimama pembeni unaona mawe yanafuata mteremko kwa kupindapinda. Juu ya hayo mawe ni mizabibu. Chini yake ni mtama na karanga, na hana habari nao sana.

Mteremko wenyewe niueleze, maana bila huo humwelewi. Juu kabisa kuna majabali makubwa ya kijivu, yale yanayoonekana kila mahali ukitembea Usukumani. Chini ya majabali kuna mchanga mnene uliochanganyika na vijiwe vyeupe vinavyong'aa juani. Ukishuka, mchanga unalainika, wenyewe wanauita luseni, hapo ndipo pa karanga na viazi vitamu. Ukishuka tena unafika itogolo, udongo wa kijivu mgumu unaogonga jembe likakurudi mkononi, una chumvi hadi ng'ombe wanakwenda kuulamba. Mwisho kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mpunga, ambao mvua ikinyesha unang'ang'ania mguu na kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Usukumani ukiwa na mbuga wewe ni mtu mzima. Ukiwa na mawe, pole yako.

Ndiyo maana mizabibu ya kwanza ilikufa. Nesi aliileta kutoka Dodoma alikosomea ukunga, vipande vya matawi vimefungwa kwenye kitenge kibichi, amevipakata kwenye basi kama mtoto. Alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja wa Kigogo mwenye shamba la zabibu, na huko ndiko maradhi yalikomshika. Alipofika nyumbani, marehemu baba mkwe akafanya heshima. Mmea umetoka mbali, ni mgeni, na mgeni hapewi mawe. Akampa kipande cha mbuga, kile kizuri, alichokuwa analima mpunga. Majirani wakasema huyo mwanamke kweli anapendwa. Masika ilipokuja mizizi ikasimama ndani ya maji, ikaoza. Iliyonusurika ikakatwa na nyufa za kiangazi. Nesi alikuwa anasimulia hayo huku anacheka hadi anafuta machozi, lakini mumewe alikuwa hacheki, alikuwa anasema tu, "Nilitoa mbuga yangu."

Akakata vipande kwenye mashina machache yaliyokuwa bado hai, akavipeleka juu, kwenye luseni. Hapo navyo vikapata mkosi wa upendo. Wanawake aliowazalisha waliposikia Nesi anahangaika na mti wake wa Dodoma, wakapanga wamshukuru. Wasukuma ni watu wa ng'ombe, na wakikupenda sana wanakuletea samadi. Ikaja, mkokoteni baada ya mkokoteni, yote imejaa, na nyimbo juu. Utamkatalia nani? Wakaimwaga yote kwenye mashina. Loo! Mizabibu ikanenepa, ikatoa majani ya ukubwa wa sinia, ikapanda nguzo, ikapanda uzio, ikataka kupanda na paa la choo. Zabibu hata ya dawa hakuna. "Mzabibu ni kama mzazi wa kwanza," Nesi alikuwa anasema. "Ukimdekeza sana anasahau kilichomleta."

Ikawa hivyo miaka mingi hadi nikaolewa, kwa hiyo la mawe nililiona mwenyewe. Kikundi cha kulima kwa zamu kilikuja asubuhi na ngoma yao, wanajua ni samadi tena. Nesi akawasimamisha kwenye luseni, akawaambia anataka mizabibu mingi ihamie juu zaidi, chini kidogo ya majabali, na kila mtu achukue ndoo akusanye vijiwe vyeupe avimwage kwenye mistari aliyochora. Watu wakatazamana.

"Nesi, tuviondoe?"

"Mviweke."

"Shambani?"

"Shambani, chini ya mizabibu. Mnaniona nimelewa?"

Mama Kulwa, ambaye Nesi alimzalisha mapacha katika siku yake mbaya kuliko zote, alishika kiuno. "Mayu, mama yetu, sisi tangu tumeota meno tunatoa mawe kwenye shamba la pamba. Leo tuyarudishe? Mababu watatucheka." Nesi akamwambia mababu wakija na ndoo zao, nao watapewa mstari. Basi wakacheka, wakabeba. Walibeba huku wanamwonea huruma, hilo nililiona, na mmoja aliniuliza pembeni kama Nesi analala vizuri siku hizi.

Mwaka wa pili yake zabibu zikaja. Ndogo, ngumu ngozi, nyeusi, tamu ya kukuziba koo. Mawe meupe yalikuwa yanarudisha jua juu hadi chini ya majani, na maji ya mvua yalikuwa yanapita katikati yake bila kulala kwenye mizizi. Majabali ya juu nayo yalikuwa yanashika joto la mchana, jioni unaegemea mgongo unahisi kama umeegemea jiko lililozimwa sasa hivi. Nesi alikuwa na mgongo mbovu wa kuinamia wazazi miaka yote, na saa kumi na moja jioni ungemkuta pale ameegemea, anasema majabali yanamkanda na kumkandia mizabibu yake.

Mistari aliipa majina ya wanawake aliowazalisha kwa shida. Yeye aliyekuwa anawasema watu wanaowapa majina ng'ombe! Mstari wa juu kabisa, uliokaa kwenye mawe meupe tupu na kutoa zabibu bora, ulikuwa wa Mama Kulwa. Uliofuata ulikuwa wa mwanamke aliyekuwa anamtukana muda wote wa uchungu, na kweli mstari ule ulikuwa na miiba ya mbigiri kuliko yote. Wa chini kabisa, karibu na itogolo, uliotoa zabibu kubwa zenye maji na ladha ya chumvichumvi, aliupa jina langu. Nikanuna. "Usinune," akasema. "Wewe umetoka kwenye maji mengi, unajifunza taratibu." Nilinuna juma zima, na bado najua kuutambua mstari wangu kwa kuonja tu, nikiwa nimefumba macho.

Maana alikuwa ananifumba macho kweli. Alikuwa anakamua divai kidogo kila mavuno, anaweka kwenye madumu meupe, ya juu peke yake na ya chini peke yake, hachanganyi. Kisha ananifunga khanga usoni, ananipa kijiko. "Juu au chini?" Nikikosea ananigonga goti na kijiko. Na hapa ndipo watu walipokuwa wanachanganyikiwa, kwa sababu Nesi alikuwa muumini wa kanisa lisilogusa pombe. Wazee wa kanisa walimwita. Alikwenda amevaa gauni lake la kitenge la Jumapili, akawasikiliza hadi mwisho, akasema, "Baba zangu, mimi naonja natema. Muulizeni anayemeza." Nasikia mzee mmoja aliangalia dirishani. Mambo yakaishia hapo, na Nesi akaendelea kukaa benchi la mbele.

Ukali wake ulikuwa wa mdomo tu, lakini mdomo wenyewe ulitosha. Beberu moja la jirani lilivunja uzio likala nusu ya mstari wa Mama Kulwa. Nesi alilikamata, akalifunga bandeji mdomoni, fundo safi la zahanati, akalipeleka mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alicheka hadi akashindwa kuendesha mkutano. Mwenye beberu akaomba radhi, Nesi akafungua bandeji, akaikunja akaiweka kwenye mkoba, maana hatupi kitu. Na uzio wake wa minyaa, ambao kila mtu anauacha usongamane ili mifugo isipite, yeye aliukata matundu upande wa mashariki. Alitaka upepo wa kiangazi upite kwenye majani uyakaushe, ukungu usipate pa kukaa. Watu wakamwambia anawafungulia mbuzi mlango. "Mbuzi namwona," alisema. "Ukungu simwoni."

Mimi ndiye niliyekuwa nauza zabibu zake. Naishi Katoro na mume wangu, Masanja, mtoto wake wa pekee, mchimbaji wa dhahabu. Mavuno yakifika nilikuwa nakwenda Samuye na matenga, narudi Katoro na zabibu zimefunikwa majani yake. Pale sokoni wachimbaji waliopata ndio wateja wangu, vijana wamevaa miwani mipya, wanawanunulia wapenzi wao.

"Mama, za Dodoma hizi?"

"Za Samuye."

"Acha hizo! Samuye kunaota zabibu?"

"Kwenye mawe. Onja, kaka, kisha ubishe."

Wanaonja, wananyamaza, wananunua. Nikirudi kumsimulia, Nesi anajifanya hasikii, anauliza habari za Minza, lakini anakwenda kusimama kwenye mawe huku anaimba.

Sasa nifike kwenye lile lililotugawa. Katika mstari wa Mama Kulwa kulikuwa na kichuguu. Nesi hakukibomoa, alisema mchwa wana haki yao. Wachimbaji wanajua kwamba mchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana, na udongo wa kichuguu unaweza kukuonyesha kilichoko huko. Pasaka moja tulikwenda kusalimia, Masanja akachota udongo wa kile kichuguu, akauosha kwenye beseni, taratibu, anazungusha, anamwaga, anazungusha. Mwisho akaniita. Chini ya beseni kulikuwa na mkia mwembamba wa njano. Akampelekea mama yake.

"Mama, unajua umepanda zabibu juu ya nini?"

"Juu ya mawe. Watu wameyabeba, unawajua."

"Haya mawe meupe ndiyo tunayoyafuata kule Katoro chini kwa kamba. Hapa yako juu yanaota jua."

Nesi alitazama ndani ya beseni muda mrefu. Hakushangaa, na nadhani hakuwa mgeni wa lile jambo. Mtu aliyeonja udongo wote ule atashindwa kujua?

"Unataka nini, Masanja?"

"Duara moja, shimo moja. Pale juu tu. Mama, mimi kule nashuka kwenye shimo la mtu, kwa matimba ya mtu ya kushikilia kuta, kwa kamba ya mtu. Hapa ni kwetu."

"Ukitoboa pale juu, maji ya mteremko yote yataingia shimoni kwako. Mistari ya chini itakufa kiu. Na siku mtu mmoja akijua, watakuja hadi wachimbaji wa Chunya. Utawazuia na nini, na hilo beseni?"

"Sitamwambia mtu."

"Hapana."

"Mama, nisikilize—"

"Nimesema hapana. Na beseni likaoshwe, ni la kumwogeshea mtoto."

Basi. Tangu siku ile walisemezana kupitia mimi, wote wako chumba kimoja. "Mama Minza, mwambie mwenzako chai ipo." "Mke wangu, mwambie mama nimeiona." Upuuzi! Niliwapenda wote wawili na wote wawili walinichosha. Nikiwa Katoro nilikuwa upande wa Masanja, kwa sababu kila asubuhi anapotoka nyumbani roho yangu inatoka naye. Nikiwa Samuye, nikikanyaga yale mawe ya moto kwa miguu mitupu na zabibu zinanigonga bega, nilikuwa upande wa Nesi. Jambo moja nilisemee mume wangu kwa haki: hakumwambia mtu. Katoro, mji ambao mtu akikohoa kwa furaha watu wanamfuata na sululu, Masanja alifunga mdomo mwaka hadi mwaka, akaendelea kushuka kwenye mashimo ya watu.

Halafu shimo likaporomoka. Lilikuwa nje ya mji, si mbali. Waliniita sokoni nikakimbia nimeacha matenga wazi. Masanja alikuwa chini peke yake, na yule aliyepaswa kusimama juu na kamba alikuwa ameondoka kidogo, sijui chai, sijui simu, hadi leo hajasema vizuri. Kwa hiyo hakuna aliyesikia mapema. Walichimba mchana ule, wakalala wanachimba, wakamtoa siku iliyofuata akiwa hai, mfupa wa bega umevunjika na macho mekundu ya udongo. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mungu ni mkubwa, sina lingine.

Nesi alikuja kwa basi. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Aliomba maji ya moto hospitalini, akamwosha mwanawe mwenyewe, masikio, kucha, katikati ya vidole, manesi wa pale wakasimama pembeni wakamwacha. Aliuliza swali moja tu. "Juu alikuwepo nani?" Masanja akageuza uso ukutani. Akamuuliza tena kesho yake, na keshokutwa. Uso ukabaki ukutani.

Bega lilipoanza kupona nikamwambia Masanja atafute kazi nyingine. Akasema yeye hana kazi nyingine, mkono ukiinuka atashuka tena. Nesi alikuwa amekaa palepale, anamenya chungwa. Akamaliza kumenya, akampa Minza, akafunga mkoba wake, akasema ana mbuzi wa kuangalia. Nikamsindikiza stendi, njia nzima anatembea mbele yangu. Niliona kama amenikasirikia mimi.

Miezi ikapita. Kisha siku moja akapiga simu, yeye ambaye simu alikuwa anaiona ni ya kupigiwa tu.

"Mama Minza, bega la mwenzako linainuka?"

"Linainuka, Nesi. Juzi ameanza kuulizia kazi kwenye maduara."

"Mwambie aje na sululu. Aje na kamba, ndefu."

"Kamba ya nini?"

"Ya kuanikia nguo zako! Wewe mwambie."

Masanja akatangulia. Mimi nikafuata Jumamosi na matenga, maana zabibu zilikuwa karibu. Nilipofika uwanjani hapakuwa na mtu. Nikapanda mteremko. Mstari wangu ulikuwepo, wa yule mtukanaji ulikuwepo. Mstari wa Mama Kulwa haukuwepo. Mizabibu yote ya mstari ule, na zabibu zake bado zimening'inia nusu mbivu, ilikuwa imelazwa chini ya majabali, mizizi imefungwa magunia mabichi. Mawe meupe yamesukumwa pembeni. Nguzo zimeng'olewa. Nilishika mdomo.

Masanja alinieleza baadaye ilivyokuwa. Alimkuta mama yake peke yake na jembe, ameshang'oa robo tatu, viganja vina malengelenge. Alimshika mkono. "Mama, acha. Nimeghairi."

"Umeghairi kuchimba," Nesi akamuuliza, "au umeghairi kuchimba hapa?"

Masanja akauachia mkono.

"Basi nipishe. Shamba nitapanda jingine. Wewe nilikuzaa mara moja, na wala haikuwa rahisi."

Hayo sikuyajua niliposimama pale na matenga yangu mawili. Nilichokiona ni mgongo wa Nesi. Alikuwa amekaa kwenye mchanga, miguu imenyooshwa, nyayo zimegandamizwa kwenye jiwe, kamba imezungushwa kiunoni kwake na kushikwa kwa mikono yote miwili. Mbele yake kulikuwa na shimo. Kamba iliingia humo. Nikasogea nikachungulia. Masanja alikuwa ndani, sululu mkononi, mwisho wa kamba umefungwa kifuani mwake, na shimo lenyewe halijamfika hata mabegani. Angeweza kuruka akatoka akitaka. Aliniona, akatabasamu kwa aibu, akaendelea kuchimba.

"Shikamoo, Nesi," nikasema.

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kamba.

"Marahaba. Usinisemeshe sasa hivi, Mama Minza, nimeshika mtu."

Nikatua matenga. Nikavua kandambili, nikaketi nyuma yake kwenye mchanga wa moto, nikaunyoosha mguu wangu kando ya wake, nikaishika kamba.